Goti la GV na goti la mafuta ya mgando: lipi limepona bila weusi?

Bodaboda iliteleza kwenye mchanga, kona ya kuingia mtaani kwetu, na mwendo wenyewe wala haukuwa wa kutisha. Dereva alitua kwa kiwiko, mimi kwa magoti yote mawili. Suruali ikachanika, ngozi nyingine ikabaki kwenye lami. Hakuna kilichovunjika wala pa kushona. Ilikuwa michubuko tu, mipana kama kiganja cha mtoto, inatoka damu vitone vitone na ina changarawe ndani.

Mama mkubwa alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Kabla sijakaa vizuri alishatoa kichupa cha GV, ile dawa ya zambarau. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, naye alisikia kelele akaja na gozi mkononi.

"Shikamoo, mama. Hiyo dawa tuiweke pembeni kwanza."

"Marahaba. Tuiweke pembeni kwa nini? Watoto saba nimewalea na hiyo hiyo."

Wakabishana huku mimi nachafua mkeka kwa damu, mpaka wakapatana kiutu uzima: kila mmoja akachukua goti lake. La kushoto likawa la mama mkubwa, akalifuta kwa spiriti, akalipaka GV, akaagiza liachwe wazi likauke. La kulia likawa la muuguzi, nalo likapata maji mengi, sabuni, mafuta ya mgando, gozi na plasta.

Goti la kulia lilifunga siku ya tisa. La kushoto lilifunga siku ya kumi na nane, baada ya kigaga kupasuka mara tatu kwenye ngazi za ofisini. Sasa ni miezi saba. Kulia kumebaki kivuli cha kahawia ambacho usipoonyeshwa hukioni. Kushoto kuna baka jeusi, na nikivaa kaptura lazima mtu aulize.

Magoti mawili si utafiti, na huenda la kushoto lilichubuka zaidi kidogo. Ila tangu hapo nimesoma na kuuliza sana kuhusu jambo hili, na kila nilichokikuta kinanirudisha palepale: weusi wa mchubuko huamuliwa zaidi na unachoweka kwenye kidonda kibichi siku kumi za mwanzo kuliko na krimu utakayonunua baadaye. Watu wengi tunafanya kinyume. Kidonda tunakipa chochote kilichopo nyumbani, halafu hela yote inaishia kwenye kupambana na doa.

Weusi unatoka wapi

Ngozi yetu ina seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini, na seli hizo zina hasira za karibu. Zichokoze kwa jeraha, kwa moto, kwa kukunakuna, kwa dawa kali au kwa jua, zitatoa rangi kuliko inayohitajika. Rangi hiyo ikibaki tabaka la juu, baka huwa la kahawia na hufifia lenyewe, mara nyingi ndani ya miezi sita hadi mwaka. Ikidondokea tabaka la chini, baka huwa la kijivu au la bluu-nyeusi, na hapo subira yake ni ya miaka.

Inayoisukuma rangi chini ni ile hali ya kidonda kukaa muda mrefu kimevimba na kukasirika. Kidonda kinachochelewa kufunga, kinachoingia usaha, kinachobanduliwa kigaga kila siku, ndicho kinachoacha alama nzito. Kwa hiyo katika kila dawa nitakayoilinganisha hapa nauliza mambo mawili tu: inakiwahisha kidonda kufunga, na inaiudhi ngozi kiasi gani?

Kuosha: maji na sabuni, spiriti, dawa ya povu, iodini, GV

Spiriti inaua vijidudu, hilo halina ubishi. Tatizo lake haina macho. Inaua na seli changa zinazoanza kujenga ngozi mpya, na ule mwasho unaokufanya uume meno si dalili kwamba dawa inafanya kazi. Ni ngozi inaumizwa mara ya pili. Spiriti ni ya ngozi nzima kabla ya sindano, basi.

Haidrojeni peroksaidi, ile ya kutoa povu, inapendwa kwa sababu unaona kitu kinatokea. Lakini povu hilo linatokana na kimeng'enya kilichomo kwenye damu na seli zako mwenyewe. Hata kidonda kisicho na kijidudu kimoja kitatoa povu. Nayo inaunguza seli changa kama spiriti.

Iodini, ile ya kahawia, ina nafasi yake. Kidonda kikiwa kimeingia udongo, ipakwe mara moja siku ya kwanza kisha isuuzwe. Kosa ni kuipaka asubuhi na jioni wiki nzima, maana hapo inachelewesha kile unachokitafuta. Mwenye matatizo ya tezi ya shingo aulize kwanza, na mtoto mchanga asipakwe bila ushauri wa daktari. Dettol bila kuchanganywa na maji huunguza ngozi, na ndiyo sababu chupa yenyewe inakuelekeza uichanganye.

GV naijadili kwa heshima, maana imetulea. Inaua bakteria na fangasi, ni ya bei ndogo, na haikosekani hata kwenye duka la dawa la kijijini kabisa. Lakini kwa mtu anayeogopa alama ina kasoro tatu. Kwanza, inakausha. Pili, ikipakwa kwenye nyama iliyo wazi, rangi yake inaweza kubaki ndani ya ngozi moja kwa moja kama chale, kwa hiyo kidonda cha uso usikiguse nayo kabisa. Tatu, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi, inaficha. Kila kitu kikishakuwa zambarau, utajuaje kama ngozi imeanza kubadilika rangi kwa maambukizi? Isitoshe, mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada iliwaonya wananchi waache kutumia dawa zenye GV kwa hofu ya saratani.

Yanabaki maji na sabuni, na hapa ndipo ningeweka juhudi yote. Maji ya bomba yanayonyweka yanatosha. Yamelinganishwa na maji ya chumvi ya hospitali, wala hayakuleta maambukizi zaidi. Kama mnatumia ya kisima au ya madumu, yachemshe yapoe. Yaache yatiririke juu ya kidonda dakika kadhaa, si kumwagia kikombe kimoja na kukimbia. Sabuni ya kawaida ioshe zaidi pembeni ya kidonda.

Kisha changarawe. Nalisisitiza hili kwa sababu hakuna krimu inayolitibu baadaye. Chembe ya lami au udongo ikifunikwa na ngozi mpya inabaki humo maisha, doa la bluu-nyeusi mfano wa tatuu. Watu hulipaka dawa za weusi miaka nenda rudi, kumbe ni kokoto. Toa chembe siku hiyo hiyo kwa kibano kilichochemshwa, au kwa gozi yenye maji ukisugua polepole. Kama zimeingia nyingi na zinauma, nenda zahanati wakutie ganzi wazisafishe, maana kadiri siku zinavyopita ndivyo kazi inavyokuwa ngumu. Hata goti langu la kulia, lile zuri, lina kidoa kimoja kama punje ya ulezi. Muuguzi alikiona siku ya kwanza, mimi nikapiga kelele, akaniacha. Ningemeza panadoli nusu saa kabla ya kuoshwa, nisingekuwa nacho.

Kukiacha kikauke au kukifunika

Hapa ndipo mama mkubwa na muuguzi walipotofautiana kweli, na hapa ndipo pana uamuzi mkubwa kuliko yote.

Wengi tumekua tukiambiwa kidonda kipate hewa, kikauke, kiote kigaga. Inaonekana ni sawa kabisa, maana kikavu kinaonekana kisafi na kibichi kinaonekana kama kitaoza. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa London, George Winter, alichapisha alichokiona kwenye ngozi ya nguruwe wachanga. Vidonda vilivyofunikwa kwa karatasi ya plastiki vilifunga kwa karibu nusu ya muda wa vile vilivyoachwa wazi. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakaonyesha jambo hilo hilo kwa binadamu. Mazoea ya kutibu vidonda hospitalini yakaanza kugeuka, ingawa habari hazijafika kwenye kila mkeka.

Maelezo yake ni mepesi. Seli za ngozi mpya hutambaa, na hutambaa juu ya kitu chenye unyevu. Kwenye mchubuko hazitoki pembeni tu, zinachipuka pia kutoka kwenye vishina vya vinyweleo vilivyobaki, na ndiyo maana ukichungulia utaona kidonda kinapona visiwa visiwa. Ukikikausha, sehemu ya juu inakufa na kuwa gome. Sasa seli zile zinalazimika kuchimba njia chini ya gome badala ya kuteleza juu ya unyevu. Kigaga ni kifuniko cha dharura cha mwili, si dawa. Tena kipo gotini, mahali panapokunjwa mara elfu kwa siku, kwa hiyo kinapasuka, kinatoa damu, kinaanza upya. Kila kinapopasuka, zile seli zenye hasira zinachokozwa tena.

Hofu ya kuoza ina ukweli ndani yake, hasa kwa joto la Dar es Salaam. Unyevu na kulowa ni vitu viwili. Ukifungua ukakuta ngozi ya pembeni imekuwa nyeupe yenye mikunjo kama vidole vya mtu aliyefua nguo asubuhi nzima, umezidisha. Punguza mafuta, badilisha gozi mapema zaidi.

Muuguzi alifanya hivi: mikono safi, mafuta ya mgando safu nyembamba ya kung'arisha tu, gozi, kisha kishikizo. Alibadilisha mara moja kwa siku, au mara mbili nikitoka jasho sana. Gozi ikinata hakuivuta, aliimwagia maji mpaka ikaachia yenyewe. Kuvuta gozi kavu ni kuchubuka upya, na nadhani hicho ndicho kinachowafanya watu wengi waseme kufunika kunachelewesha. Aliendelea hivyo mpaka kidonda kilipofunikwa chote na ngozi nyororo ya pinki inayong'aa, haina majimaji.

Kuacha wazi nako kuna mahali pake. Mkwaruzo mwembamba wa paka hauhitaji sherehe hii yote. Na mahali ambapo huna gozi safi ya kubadilisha kila siku, afadhali kidonda kilicho wazi na kikavu kuliko kilichofungwa tambara moja siku nne.

Ni mafuta gani basi?

Mafuta ya mgando hayana dawa ndani yake, na huo ndio uzuri wake. Hayana cha kuudhi, ila chagua yasiyo na manukato, na kopo liwe jipya au tyubu, si lile la familia nzima linalochotwa kwa vidole tangu Krismasi.

Mpinzani wake mkuu ni malhamu ya antibayotiki. Mtu anaona ina dawa, lazima iwe bora. Mwaka 1996 ulichapishwa Marekani utafiti wa wagonjwa 922 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi, wengine wakapakwa mafuta ya mgando, wengine malhamu ya basitrasini. Tofauti ya maambukizi ilikuwa ndogo kiasi kwamba huwezi kusema si bahati tu. Waliopata mzio wa ngozi wote walikuwa upande wa antibayotiki. Basitrasini na neomisini, ambazo mara nyingi huwekwa pamoja kwenye tyubu moja, zinajulikana kwa kuleta mzio, na mzio juu ya kidonda unaweza kuongeza weusi. Kwa mchubuko msafi, sioni sababu ya kuilipia. Kwa kidonda kilichoanza usaha, swali si lako wala langu tena, ni la kituo cha afya.

Unga wa "rangi mbili", zile kapsuli za antibayotiki, ndiyo dawa ya mafundi na madereva. Unafungua kapsuli, unanyunyiza. Unga ule unaganda na damu, unakuwa saruji ndogo juu ya kidonda, na utakayekuja kuusugua utoke ni wewe. Kipimo chake hakuna anayekijua, na vijidudu vinajifunza kuizoea dawa. Usugu wa dawa tunaolalamikia hospitalini, na hapa unaanzia.

Asali ni habari nyingine, naipa heshima yake. Sukari yake nzito hunyonya maji kutoka kwa vijidudu, ina uchachu, na tafiti za majeraha madogo ya moto zimeipa alama nzuri. Lakini asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi ili isibaki na vimelea, ile ya chupa ya soda ya barabarani haijasafishwa na huenda nusu yake ni sukari ya dukani. Ukiwa na asali ya kitabibu, itumie chini ya gozi bila wasiwasi. Ukiwa na ya mezani, uile hapo mezani. (Jirani mmoja aliijaribu usiku. Sisimizi walimkuta kabla ya usingizi.)

Shubiri, au alovera, isubiri ngozi ifunge. Ute mweupe wa ndani unapooza ngozi kavu, ila ule utomvu wa njano chini ya ganda unawasha, na wengi wanaokata jani hawautenganishi. Dawa ya meno, majivu, unga wa kahawa, mafuta ya taa: vyote hivi ni uchafu au sumu juu ya nyama iliyo wazi.

Plasta nayo inaacha alama

Hili halisemwi sana. Watu wengi wanapona kidonda katikati wakabaki na fremu nyeusi ya mraba pembeni, na hiyo ni kazi ya gundi. Plasta ya kitambaa ya hudhurungi inashika vizuri lakini inabandua ngozi. Ya karatasi, nyeupe laini, ni pole zaidi. Gotini na kwenye kiwiko dawa nzuri ni bendeji ya kuzungushia, isiyo na gundi kabisa. Mwanzoni niliona inaonekana kama nimevunjika mguu, nikazoea.

Zipo pia plasta za jeli, ambazo hunyonya majimaji ya kidonda na kuvimba kama lengelenge jeupe. Zinaachwa siku tatu hadi tano bila kufunguliwa. Utazikuta kwenye maduka makubwa ya dawa mjini, na bei yake ni mbali na ya gozi. Kwa uso naona zina thamani, maana ni nyembamba na mtu hashiki kidonda kila mara. Kwa goti la mtu anayetembea juani na jasho, zinabanduka siku ya pili na hela imekwenda. Kidonda chenye usaha kisifunikwe nazo.

Gozi zilizolowekwa mafuta tayari, zinazokuja kwenye pakiti moja moja, ni rahisi na hazinati. Soma tu kama zina antibayotiki, maana baadhi zinayo ya ukoo wa neomisini, na hapo tunarudi kwenye mzio.

Kidonda kimefunga, weusi umeanza

Usishtuke ukiona pinki inageuka nyeusi wiki ya tatu au ya nne. Ngozi yetu ndivyo inavyofanya. Mpinzani sasa ni jua, na kuna chaguo mbili, nguo na losheni.

Nguo ndiyo yangu. Suruali ndefu, dira, soksi, mikono mirefu. Haiishi, haichuruziki na jasho, haidanganyi. Losheni ya kukinga jua naibakizia uso na mikono, yenye kipimo cha kinga (SPF) 30 kwenda juu, ipakwe upya kila saa mbili ukiwa nje. Na kuna siri moja inayotuhusu sisi hasa. Mwaka 2010 watafiti wa Detroit, Marekani, walichapisha kwamba hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, si ile mionzi ya jua tuliyozoea kuisikia, unaitia weusi ngozi ya kahawia, huku ngozi nyeupe sana haikubadilika. Losheni isiyo na rangi haiuzuii mwanga huo. Inayouzuia ni ile yenye rangi ya ngozi ndani yake, itokanayo na oksidi za chuma, inayofanana na faundesheni. Kama unanunua kwa ajili ya baka usoni, nunua hiyo.

Sasa krimu. Naiasinamidi ni pole, karibu kila mtu anaivumilia, na inafanya kazi taratibu. Asidi ya azelaiki ina nguvu zaidi kidogo, inawasha wiki za mwanzo, na huhesabiwa kuwa salama kwa mjamzito. Mimi ningeanza na moja ya hizi mbili, baada ya ngozi kufunga kabisa wiki mbili tatu, na kuipa miezi mitatu kabla ya kulalamika.

Tretinoini, dawa ya ukoo wa vitamini A, inafanya kazi, lakini angalia gharama yake. Mwaka 1993 ilijaribiwa Marekani kwa watu weusi 54, wiki 40. Waliotumia dawa waling'aa kuliko waliopaka krimu tupu isiyo na dawa, ila nusu yao walichubuka na kuwashwa kwa ajili ya dawa yenyewe. Na waliopaka krimu tupu? Nao walififia kiasi. Muda peke yake ni dawa, tena haiuzwi. Mjamzito asiiguse.

Haidrokwinoni ilikuwa mfalme wa dawa za madoa. Mwaka 1975 daktari wa Pretoria alieleza jinsi wanawake walioitumia muda mrefu walivyoishia na weusi wa bluu mbaya kuliko waliouanza, na mwaka 1990 Afrika Kusini ikaipiga marufuku kwenye vipodozi. Tanzania na Kenya nazo zimeikataza kwenye vipodozi. Daktari wa ngozi anaweza kuiandika kwa kipimo na kwa miezi michache, na hilo ni jambo tofauti na kopo la sokoni lisilo na lebo.

Mkorogo, ile krimu ya kujichubua inayochanganywa mtaani, sina la kuulinganisha nalo. Ndani unaweza kukuta haidrokwinoni, zebaki na krimu za steroidi kali kama klobetasoli, zote kwa pamoja. Steroidi hulainisha ngozi mpaka inakuwa kama karatasi ya sigara, halafu ukianguka tena inachanika badala ya kuchubuka.

Ndimu na limau: usipake. Maji yake yakikutana na jua yanaiunguza ngozi na kuacha mabaka meusi ya wiki nyingi, hata kwa mtu asiye na kidonda. Wauza juisi wanazijua alama hizo mikononi. Mafuta ya vitamini E nayo yana jina kubwa kuliko kazi. Jaribio dogo la Miami, Marekani, watu 15, mwaka 1999, lilikuta karibu wote hawakupata faida au makovu yao yalionekana mabaya zaidi, na thuluthi yao wakapata mzio.

Pasipohitaji kuchagua

Sindano ya pepopunda haina mbadala wa nyumbani. Kidonda cha barabarani chenye udongo, kama ya mwisho ulichoma zaidi ya miaka mitano iliyopita au hukumbuki, nenda. Mwenye kisukari asijitibu mchubuko wa mguu au wayo kwa maelezo ya mtu kama mimi.

Nenda pia kama maumivu yanazidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, kama kuna usaha, harufu au homa, au kama wiki tatu zimepita na kidonda hakijafunga. Vitabu vingi husema angalia wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo gusa pembeni ya kidonda kwa mgongo wa mkono ulinganishe na upande wa pili. Joto, ugumu na ngozi iliyovutika ikang'aa, hizo ndizo dalili zetu.

Kwa familia zenye makovu yanayonyanyuka na kutanuka kupita kidonda, yaani kiloidi, hasa kifuani, mabegani na kwenye taya, karatasi au jeli ya silikoni ianzwe mara ngozi inapofunga. Hapo ningeilipia bila kusita, tofauti na nilivyosema kuhusu mengi ya hapo juu.

Mama mkubwa alisharudi Tanga. Kila akipiga simu huuliza, "Goti langu linaendeleaje?", akimaanisha la kushoto. Namwambia limepona. Juzi akataka picha, nikampigia yote mawili pamoja, mlangoni, mchana kweupe, nikatuma. Akakaa kimya kidogo.

"Mwanangu," akasema, "mbona langu umelipigia kivulini?"